Tai Atembeaye kwa Miguu

Kwa mbali nilimdhania bata mzinga. Alikuwa akitembea katikati ya shamba la mjomba, lililolimwa juzi yake kwa trekta la kukodi, akipiga hatua za mtu aliyevaa kanzu mpya asiyetaka ishike matope. Anainama, anadonoa, anainuka, anaangaza huku na huku kama aliyepotelewa na funguo. Hatua tatu tena, anadonoa. Nyuma yake alikuwa wa pili. Kule kwenye kichuguu, sita. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, ya kwanza ya vuli ile, na asubuhi bonde zima la Mkomazi lilikuwa likinukia udongo ulioshiba maji. Kumbikumbi walikuwa wakitoka ardhini kama moshi.

"Hao ni tai," alisema mjomba, bila kuinua macho kutoka kwenye jembe alilokuwa akilitia mpini.

"Tai gani wa kutembea, mjomba?"

"Wenye njaa, mjomba."

Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, kwa hiyo mgeni akitusikia tukizungumza hajui nani mkubwa. Nilikuwa nimekuja kutoka Dar es Salaam kwa likizo ya Novemba, kisingizio kikiwa ni kusaidia kupanda mahindi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka mjini hupenda kujidanganya kwamba atapumzika kwa kushika jembe. Shamba liko kati ya Kihurio na Ndungu. Milima ya Upare inakuwa mgongoni kwako; mbele nyika inatanda hadi Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na ng'ambo ya hifadhi ni Kenya, Tsavo. Migunga, mibuyu, vumbi jekundu sehemu kubwa ya mwaka. Siku ya tatu mkazamjomba aliniambia kwa upole kwamba mistari yangu ya mahindi inakwenda kama nyoka aliyepigwa, na kwamba kama napenda kutazama ndege kiasi hicho, basi nikae nitazame ndege.

Nikakaa nikatazama.

Nilishangaa kwa sababu tai niliyemjua mimi hatembei. Nilimjua kwanza kanisani, katika Isaya sura ya 40, ambako mwenye kumngoja Mungu anaahidiwa mabawa ya ndege huyu. Mchungaji wetu akifika hapo alikuwa anatandaza mikono mpaka tunahofia mishumaa. Baadaye nikamwona kwenye nembo za shule, za walinzi wa usiku na za timu za mpira, siku zote amenuna. Ukubwani nikakutana naye kwenye semina za kazini, na huyo wa semina ndiye aliyenikera kuliko wote.

Mhamasishaji alikuwa na suti ya bluu na picha ya tai ukutani yenye ukubwa wa mlango. Tai, alisema, akifika miaka 40 mdomo hupinda, kucha hulegea, manyoya huwa mazito. Hapo ana mawili: afe, au apande mlimani peke yake siku 150. Huko ataugonga mdomo wake kwenye mwamba mpaka ung'oke, angoje uote mwingine, kwa mdomo huo mpya ang'oe kucha, kwa kucha mpya ang'oe manyoya, kisha aruke akaishi miaka 30 mingine. Ukumbi ulipiga makofi. Mhasibu wetu, mama makini anayekagua risiti moja moja hadi za soda, alifuta machozi.

Hadithi hiyo imezunguka kwenye WhatsApp mpaka imepauka, imehubiriwa, imechapwa kwenye kalenda, na ni ya uongo toka mwanzo hadi mwisho. Mdomo wa tai hukua kila siku kama kucha zako wewe, na kila siku hulika kwa kutumika na kusuguliwa kwenye matawi. Manyoya hubadilika machache machache, kwa zamu, ili mwenyewe asikose uwezo wa kuruka. Miaka 70 hakuna tai wa porini anayeifikia. Na ndege mla nyama asiye na mdomo haoni siku ya 150. Atakufa njaa mapema sana, amelala chini ya mwamba wake, na hakuna somo atakalokuwa amelipata. Uongo ningeusamehe. Kinachoniudhi ni tai kuteswa miezi mitano ili sisi tuongeze mauzo ya robo mwaka.

Biblia yenyewe ni mkweli kuliko wahubiri wake. Tai wa Isaya, katika ile tafsiri ya Union tuliyokulia, ndiye huyo huyo anayekusanyika penye mzoga katika Mathayo 24. Sisi nasi tuko hivyo hivyo. Watu wa pwani wana tumbusi na gushu kwa ajili ya wala mizoga, lakini ukisema tai huku bara, wengi humwona yule mwenye shingo isiyo na manyoya, aliyekaa juu ya ng'ombe aliyekufa. Neno moja, ndege wawili: mmoja wa kupaa, mmoja wa kunuka.

Si kwamba Kiswahili ni maskini wa ndege wawindaji. Tuna mwewe, kipanga, kozi, kengewa, furukombe, pungu. Ila ukiyaangalia majina hayo vizuri utaona wengi wao wamegusa mali zetu. Mwewe hubeba vifaranga, ndiyo maana ana hadi methali, kwamba dua la kuku halimpati. Furukombe hugombea samaki na mvuvi. Kipanga na kozi hupita juu ya banda la njiwa. Pungu naye, mwenye mkia mfupi mpaka miguu inauzidi, huruka akiyumba huku na huku kama baiskeli iliyopakiwa mkaa, na ndege wa namna hiyo huwezi kumwacha hivi hivi bila jina. Lakini huyu wa shambani kwa mjomba, anayekuja na vuli na kuondoka kabla masika hayajakolea, asiyeiba kuku wala samaki wala njiwa, hatukumpa jina lake peke yake. Ni tai tu. Mimi namwita tai wa nyika, na nitaeleza kwa nini.

Kumtambua kunahitaji utovu wa adabu kidogo: lazima umkodolee macho mdomoni. Kuna tai mwenyeji, wa rangi ya majani makavu, anayefanana naye kama ndugu wa baba mmoja. Tofauti iko kwenye kona ya mdomo. Kwa mwenyeji, ule mstari wa njano huishia chini ya katikati ya jicho. Kwa mgeni unaendelea mpaka usawa wa nyuma ya jicho, hata uso mzima unakuwa kama wa mtu anayecheka jambo ambalo wewe hujaambiwa. Vijana wao wana utepe mpana mweupe chini ya bawa, unaonekana hata bila darubini. Asubuhi ile, kati ya wanane, sita walikuwa na utepe. Watoto wa mwaka huo huo. Mwezi wa tano walikuwa bado mayai, chini ardhini, Kazakhstan au kusini mwa Urusi.

Ndiyo, ardhini. Tai wa nyika hukaa kwenye nchi isiyo na miti, nyasi mpaka upeo wa macho, nayo kwa Kiswahili haina jina jingine ila nyika. Hujenga tago lake chini, juu ya kijilima au jiwe, pengine kwenye nyasi tupu, mahali ambapo moto wa nyika unaweza kumfikia na ng'ombe wanaweza kupita. Kiangazi chote hula wanyama wa jamii ya kindi wanaochimba mashimo kama panya-buku. Baridi ikianza, kindi hao hushuka mashimoni wakalala usingizi wa miezi. Sahani inakuwa tupu. Theluji haijafika bado, lakini hakuna cha kungojea. Mwezi wa tisa na wa kumi tai wanaanza kuelekea kusini.

Hapo ndipo neno vuli lilipoanza kunichezea akilini. Nilipokuwa shule ya msingi, kitabu cha jiografia kilisema kuwa nchi za kaskazini zina majira manne, na moja ni vuli, ambapo majani hugeuka manjano yakapukutika. Nilinyanyua macho nikatazama nje ya dirisha. Ilikuwa vuli. Kila kitu kilikuwa kikichipua. Mgunga uliokuwa mifupa wiki iliyopita ulikuwa na ukungu wa kijani. Nikaamini, kwa heshima aliyonayo mtoto kwa kitabu, kwamba sisi ndio tuliokosea. Ukubwani nikaelewa kwamba mfasiri fulani alihitaji neno la Septemba hadi Novemba akachukua lililokuwa karibu, na sasa neno moja limebeba mambo mawili yanayopingana: kule nchi inafunga duka, huku inafungua. Watu wengi huishi katika vuli moja tu. Tai huyu anatoka ya kwanza anaingia ya pili, na kati ya hizo mbili anaruka maelfu ya kilomita.

Njia yake si ya kunyooka, na sababu inafaa kuelezwa, maana ndiyo iliyonifanya nimpende. Tai mkubwa, mwenye mabawa ya karibu mita 2 toka ncha hadi ncha, hapigi mabawa akiweza kuliepuka hilo. Kupiga mabawa ni gharama. Hungoja jua lipashe ardhi, hewa ya moto ianze kupanda kama mvuke unavyopanda juu ya sufuria, kisha huingia ndani ya mkondo huo, akatandaza mabawa na kuzunguka, akapandishwa bure mpaka anakuwa nukta. Akifika juu huteleza kuelekea anakokwenda, anashuka kidogo kidogo hadi mkondo mwingine. Ngazi, mteremko, ngazi, mteremko. Safari nzima huenda hivyo, mchana tu, na siku ya mawingu mazito anaweza kukaa chini kutwa nzima kama abiria wa basi lililoharibika.

Juu ya maji, ngazi hizo hazipo. Bahari haipashiki upesi kama ardhi. Basi mfalme wa anga, huyu wa nembo na wa semina, akifika ufukweni anasita. Anaizunguka bahari. Anashuka Uarabuni yote hadi Yemen, akatafute mahali pembamba kuliko pote, Babul Mandab, mlango wa maombolezo kama Waarabu walivyouita, ambapo kuna maji ya takriban kilomita 30 tu kabla ya kuiona Afrika. Vuli ya mwaka 1987 watazamaji waliokaa upande wa Djibouti kwa majuma machache walihesabu zaidi ya tai 70,000 wa aina hii wakivuka hapo. Wakati wa kurudi, wengi hupita juu zaidi, Sinai na Suez. Pwani yetu inakijua kipindi cha kuja kwao kwa sababu nyingine: ndio wakati upepo wa kaskazi unaanza kutulia katika njia yake, na majahazi ya Oman na ya Ghuba yalikuwa yakipandisha matanga kuja Lamu, Mombasa na Unguja. Nahodha anaogopa nchi kavu, kwa kuwa ndiko kwenye miamba. Tai anaogopa bahari. Wanatoka upande mmoja, kwa msimu mmoja, kila mmoja akikwepa njia ya mwenzake.

Nilipomweleza mjomba hayo, alikuwa na swali moja. "Na yule mdogo?"

Alimaanisha kozi wadogo wa kijivu ambao mwishoni mwa Novemba hupita bondeni kwa makundi, nao wakila kumbikumbi, ila hewani. Nikamwambia hao wanatoka mbali zaidi, mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, wanapitia India, na kutoka India hawazunguki popote: wanaikata Bahari ya Hindi moja kwa moja, siku na usiku, bila kutua. Uzito wa mmoja ni gramu 150 hivi, pungufu ya sabuni ya kipande.

Mjomba alifikiri. "Kwa hiyo mwenye kifua ndiye mwoga."

"Ni mwenye hesabu, mjomba."

"Hao mnawaita hivyo mjini."

Kuna kisa kimoja ambacho yeye alikipenda kuliko mabaharia wote na Babul Mandab yao. Watafiti wa Urusi waliwafunga tai 13 vifaa vidogo vya kufuatilia safari, vinavyotuma mahali alipo ndege kwa ujumbe wa simu, SMS ya kawaida kabisa. Mwaka 2019 tai mmoja, waliyempa jina Min, alikaa kiangazi sehemu za Kazakhstan zisizo na mtandao. Ujumbe ukarundikana kwenye kifaa. Vuli ilipofika akaruka kusini, na mahali pa kwanza alipopata mtandao wa uhakika palikuwa Iran. Hapo kifaa kikatuma yote kwa mpigo, kiangazi kizima, kwa gharama za nje ya nchi, kila ujumbe ukiwa na bei zaidi ya mara tatu ya ile ya Kazakhstan. Min peke yake akaila bajeti ya kundi zima. Watafiti wakaomba msaada mtandaoni, watu wa kawaida wakachanga pesa ili tai wapate vocha, na mwishowe kampuni ya simu ikajitolea kufuta deni.

Mjomba alicheka mpaka akaweka jembe chini. Wakati mimi ni kijana, simu zikiwa ndiyo zinaingia, kulikuwa na jiwe moja njia ya kwenda mlimani ambalo juu yake ndipo mtandao ulipokuwa. Ukitaka kuongea na Dar unapanda, unainua mkono kama unaapa, unangoja. Jumapili kulikuwa na foleni. "Kumbe hata tai," alisema, akijifuta macho. "Kumbe hata tai wanapanda kutafuta mtandao!" Jioni nilimsikia akiwasimulia majirani dukani, na katika masimulizi yake Min alikuwa tayari amekuwa jamaa wa kwetu, kijana aliyekwenda Uarabuni kutafuta kazi akaishiwa salio.

Na wala hakuwa mbali na ukweli. Wako tai wengi wa jamii hiyo wasiofika Afrika, wanaoishia Oman. Nje ya Maskati, mji ambao Kiswahili husikika kwenye baraza nyingi, mamia yao wamewahi kutazamwa wakila kwenye jalala. Sikushangaa. Wameona mbali, wamepima, wakaona safari ya mbele haina faida ya kuzidi takataka za hapo. Ni uamuzi ambao kila ukoo wa pwani una mjomba aliyeufanya.

Nirudi shambani. Kumbikumbi mmoja ana uzito gani? Tai wa kilo 3 ale wangapi mpaka ashibe? Nilijaribu kuhesabu madonoo ya mmoja, yule wa kichuguuni mwenye bawa lililokatika unyoya, nikafika 200 na kitu, nikapotea. Hakuwa na haraka. Alisimama penye tundu kama mteja wa kawaida mbele ya kibanda cha chipsi, kila anayetoka anamchukua. Kuna mafuta mengi kwenye kumbikumbi, kila mtoto wa kijijini anajua: unawakaanga bila kutia kitu, wanajikaanga wenyewe, unaongeza chumvi tu. Ndege aliyevuka majangwa anahitaji mafuta, na hapa ardhi inayatapika bure, bila kufukuzana na mtu wala kupigana. Tai hawa husafiri pamoja na mvua. Wakiona wingu zito upande wa Tsavo huenda huko, kesho wako Kisiwani, keshokutwa mbugani. Mjomba huwatumia kama mtu atumiavyo redio: wakitua shambani kwake kwa wingi anajua mvua imelowesha ardhi kweli, si ile ya kuifuta vumbi usoni, na mbegu zinaweza kutoka kwenye gunia. Mwaka ambao hawakutua, alisema, alipanda mara mbili.

Kitu cha pili wanachokifuata ni kwelea kwelea, na hapa stori inachacha.

Likizo zangu za utotoni zilipita juu ya dungu, kwenye mashamba ya mpunga upande wa Ndungu. Kazi yangu ilikuwa kuamia. Kamba zilizofungwa makopo, kombeo, na sauti ambayo kufika saa sita mchana imekwisha. Kwelea ni ndege mdogo kuliko kiganja, mdomo mwekundu, na mmoja si kitu. Lakini hawaji mmoja. Wanakuja kama kitambaa kinachokung'utwa angani, kinateremka, na pale kilipoteremka hakibaki kitu cha kuvuna. Nimemwona baba wa familia akikaa chini kwenye tuta na kulia kwa sababu alikwenda kuzika, akarudi. Kwelea wanapozaliana kwa maelfu kwenye migunga, tai wa nyika hujumuika hapo kula makinda, na ndipo hapo hapo, kwa sababu iliyo wazi, inapoletwa ndege ya kunyunyizia dawa.

Nilikuwa na miaka 11. Ndege ilipita jioni, chini sana, ikirudi na kurudi juu ya migunga, sisi watoto tukishangilia kila ilipogeuka. Asubuhi tulikatazwa kwenda, tukaenda. Chini ya miti palikuwa na zulia. Na kwenye shina la mgunga mmoja alikaa tai, mabawa yameshuka pande zote mbili kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji, mdomo wazi, ule mstari wa njano ukiwa wazi mpaka nyuma ya jicho. Hakuwa akicheka. Hakuogopa hata tulipomkaribia. Mmoja wetu alimtupia jiwe dogo, halikumfika, akaona haya. Tai huyo alikuwa ametoka kwenye nyika moja hadi nyingine, ameizunguka bahari yote ile kwa tahadhari zake, akaja kula makinda yaliyolala kwenye dawa.

Siwezi kumwambia mjomba kitu kuhusu hilo. Nimejaribu mara moja, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza mpunga huo ni nani angeula. Na huko watokako nako kunaua. Nyika za Kazakhstan na Urusi zimepigwa jembe kwa mamilioni ya hekta tangu miaka ya 1950. Mahali pasipo na mti, nguzo ya umeme ndiyo inayofanana na mti, na tai hutua juu yake, bawa moja likagusa waya, basi. Mwaka 2015 IUCN iliwaweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo wale wanane wa kwenye matuta, waliokuwa wakitembea kama mabata mzinga, si ndege wa kawaida kama walivyoonekana. Sikulijua hilo asubuhi ile, nami nashukuru: ningewatazama kwa huruma, na huruma ingeniziba macho. Nisingeona namna yule wa kichuguuni alivyokuwa akifuta mdomo kwenye udongo, upande huu, upande huu, kama anayenoa kisu.

Mkazamjomba alikuwa amekaa mlangoni na ungo. Usiku, mvua ilipopungua, alikuwa ametega beseni la maji chini ya taa, na kumbikumbi walioangukia humo aliwakaanga alfajiri. Sasa anawapepeta. Mjukuu wake, binti wa miaka saba, alikuwa bado hajatosheka. Alikuwa shambani na kikopo chake cha maziwa ya unga, amechuchumaa kwenye kichuguu, upande wa pili wa tai. Kati yao palikuwa na hatua kama 15. Yeye anaokota, tai anadonoa. Binti akisogea tundu jingine, tai anainua kichwa, anapima, anabaki. Kuna wakati wote wawili walimkimbilia kumbikumbi mmoja aliyeanguka katikati. Tai alikimbia vibaya sana, mabawa nusu wazi, miguu imevaa manyoya mpaka vidoleni kama suruali ndefu kupita kiasi, na binti akamshinda.

"Wewe, mwache mgeni ale!" bibi yake akamkemea toka mlangoni.

Saa nne hivi jua lilichomoza juu ya wingu na matuta yakaanza kutoa mvuke. Wa kwanza kuondoka alikuwa mmoja wa wale wakubwa. Alipiga mabawa mazito mara nne, mara tano, karibu agonge mgomba, akapita juu ya bati letu, na kule kwenye jabali la njia ya mlimani akapata ngazi yake. Akaacha kupiga mabawa. Wengine wakafuata mmoja mmoja, vijana nyuma, utepe mweupe ukiwaka kila walipogeukia jua. Nilihesabu saba wakizunguka. Wa nane alikuwa bado kichuguuni na binti.

Mkazamjomba alirusha ungo juu kidogo, akaupokea. Kumbikumbi walirudi wote mahali pao. Mabawa yao, membamba kama maganda ya kitunguu, hayakurudi. Yalibaki hewani, yakasitasita usawa wa dari, kisha ile hewa ya moto iliyokuwa ikipanda kutoka uani ikayachukua, juu ya bati, juu ya mgomba, yakimetameta, yakienda zao.

"Nionjeshe," nikasema, nikanyoosha kiganja.